Kolmanskop katika kipimo cha 1:87

Siku hizi meza yangu ya kazi imetawaliwa na Kolmanskop, mji wa almasi uliohamwa katika jangwa la Namib, karibu na Lüderitz nchini Namibia. Mji huo ulianza baada ya Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, kuokota almasi mwaka 1908. Ukapata hospitali, kiwanda cha barafu na ukumbi wa dansi, hadi wakazi wa mwisho walipoondoka mwaka 1956.

Ninajenga modeli ya nyumba moja tu, kwa kipimo cha 1:87, ambapo mlango wa mita 2 huwa na urefu wa milimita 23 hivi. Kuta hazisumbui, kazi hasa ni mchanga wa jangwa ulioingia hadi ndani ya vyumba. Mchanga wa kawaida, hata ukichekechwa vizuri, huonekana kama kokoto katika kipimo hiki, kwa hiyo ninatumia unga laini wa mawe, ninaurundika kwa mteremko kutoka dirishani hadi katikati ya chumba, kisha ninaunyunyizia gundi iliyozimuliwa kwa maji. Rangi ya ukuta ninaipausha zaidi upande unaopigwa na jua, jambo ambalo kwangu ndilo linaloipa nyumba umri wake. Baada ya hapo nitaanza kiwanda cha barafu.