Pampu ya Baba kwenye Mfongo

Agosti 1996, Old Moshi. Kahawa ilikuwa inaiva, na kahawa ikishamenywa haisubiri. Inavundikwa ule utelezi wake ulainike, kisha inaoshwa kwa maji mengi, la sivyo inaharibika harufu. Maji yenyewe yalikuwa bondeni, kwenye mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachagga, na yalipanda hadi nyumbani kichwani mwa mama na dada zangu, ndoo baada ya ndoo.

Baba alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa, lakini Jumapili usingemkuta nyumbani. Alishika panga, akatia ndizi za kuchoma mfukoni, akaufuata mfongo kupanda mlima hadi kwenye banio lake msituni. Aliijua kila sehemu unapovuja na kila mti ulioshika ukingo. Katika matembezi hayo aliizoea sehemu moja chini ya kihamba chetu, shamba la nyumbani, ambapo mfongo unaporomoka juu ya jiwe, kimo cha mita 3. Watoto walipaona pa kuogea. Yeye alipaona injini.

Alichotaka kutengeneza ni pampu ya kugonga, ambayo wengine huiita haidramu. Haitumii mafuta wala umeme. Joseph-Michel Montgolfier wa Ufaransa, yuleyule wa puto la hewa moto, aliitengeneza mwaka 1796. Maji yanateremka kwenye bomba na kutokea kwenye valvu iliyo wazi. Yakishika kasi, yanaisukuma valvu ile ijifunge ghafla. Hapo mkondo mzima unagonga ukuta, na msukumo wa pigo hilo unafungua valvu ya pili na kuingiza maji kidogo kwenye chupa ya hewa. Hewa inabanwa, inayasukuma maji yapande. Msukumo ukilegea, valvu ya kwanza inaanguka wazi, na mambo yanaanza upya.

Kwanza alipima. Alikinga maji ya bomba la majaribio kwa ndoo ya lita 20: ikajaa kwa sekunde 30, yaani lita 40 kwa dakika. Kisha akapanda mteremko na mpira mwangavu uliojaa maji, ule wa waashi, hatua kwa hatua, kila moja kimo cha mita moja na nusu. Alihesabu hatua 16 hadi kwenye pipa nyumbani: mita 24. Anguko la mita 3 kupandisha mita 24 ni moja ya nane, kwa hiyo katika lita 40 zingepanda 5, kama hakuna kinachopotea. Akakata nusu kwa ajili ya misuguano na valvu za kujitengenezea. Lita mbili na nusu kwa dakika. Kwa asiyepiga hesabu zinaonekana kama mate, lakini pampu hii hailali: kwa siku nzima ni lita 3,600.

Mfongo si mali ya mtu mmoja, hivyo alikwenda kwa mzee aliyesimamia zamu za maji.

"Shikamoo Meku. Nataka kuweka chuma pale kwenye jiwe."

"Marahaba. Na maji ya watu wa chini?"

"Yanayogonga yanaangukia mfongoni hapohapo chini ya jiwe. Napanda na lita mbili na nusu katika 40."

"Nikiona zamu yangu imepungua, nitaling'oa mwenyewe."

"Utaling'oa, Meku, na mimi nitakushikia spana."

Valvu ya kugonga aliitoa kwenye nonritani chakavu ya shaba, ile valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Aliigeuza, akaitia boliti katikati na kukata mpira wa tairi kuwa kikalio chake. Chupa ya hewa ilikuwa bomba la inchi 4, urefu wa mita moja, lenye kifuniko cha uzi juu. Maungio yote aliyafunga kwa katani na rangi. Mdomoni mwa bomba aliweka nusu pipa la kutulizia mchanga, na chujio la wavu wa kuanikia kahawa. Mdomo ule aliuzamisha sentimita 30 chini ya maji, kwa sababu ukiwa juu juu unavuta hewa, na hewa kwenye bomba la kuteremshia inalimeza pigo.

Siku ya kwanza ilishindikana. Bomba la kuteremshia lilikuwa la plastiki, ndilo lililokuwepo. Valvu ilijifunga kwa sauti ya kitu laini, na maji yalipanda hadi katikati ya migomba yakasimama. Baba aliweka kiganja juu ya bomba akakaa kimya. Kisha akaniambia niweke changu. Kila pigo, plastiki ilitanuka. Nguvu iliyotakiwa kupanda mlima ilikuwa inaliwa na bomba lenyewe. Naamini hapo ndipo wengi huiacha pampu hii, wakidhani valvu ndiyo mbovu.

Jumatatu alishuka Moshi mjini, akarudi na mabomba mawili ya chuma ya inchi moja na nusu, mita 6 kila moja. Mita 12 ni mara nne ya anguko, na hicho ndicho alichokitaka. Bomba fupi mno halina uzito wa maji wa kutosha. Plastiki aliiacha kwenye bomba la kupandishia tu, ambako haina madhara.

Kuiwasha kuna utaratibu wake. Alifunga koki ya juu ya chupa, akaishindilia valvu kwa kidole gumba mara 30 hivi hadi ikashika yenyewe, ndipo akafungua koki kidogo kidogo. Ukiifungua mara moja inakufa. Kwa nati mbili juu ya boliti iligonga haraka mno, kwa nati tatu ikatulia kwenye mapigo 45 kwa dakika. Jioni hiyo pipa la lita 200 lilijaa kwa dakika 80, sawasawa na hesabu yake.

Siku ya tisa sauti ilibadilika. Ilikuwa kali, ya chuma kwa chuma, na ungio moja likaanza kuvuja. Baba alifungua kifuniko: chupa imejaa maji hadi juu. Hewa iliyobanwa huyeyuka majini taratibu, na ikiisha hakuna kinachopokea pigo ila chuma. Wengine hutoboa tundu dogo mno chini ya valvu ya pili ili pampu ijivutie hewa kila pigo. Yeye alichukua tyubu ya baiskeli, akaijaza upepo nusu, akaikunja mara tatu na kuishindilia ndani ya chupa. Hewa iliyomo kwenye tyubu haigusani na maji.

Usiku ule hakupanda nyumbani. Alilala kando ya mfongo juu ya majani makavu ya migomba, koti likiwa shuka, saa ya mkononi karibu na sikio. Alfajiri mama alimshushia uji.

"Baba Aika, pipa linamwagika tangu usiku. Nimekuta migomba inaogelea."

"Mapigo bado ni 45," alisema. "Elekeza mpira kwenye kahawa, Mama Aika. Na wasichana waache walale."