Anayetetemeka mbele ya darasa

Jumatano usiku, wiki ya semina.

Mwenzetu chuoni akisimama kuwasilisha kazi ya kundi na sauti ikaanza kukatika, tunasema ana aibu, hajazoea watu. Mimi naanza kushuku kwamba mara nyingi aibu haihusiki. Amepewa kusoma ukurasa ulioandikwa na mtu mwingine, naye anajua fika kwamba akiulizwa hana jibu.

Tatizo huanza siku ya kugawana kazi. Watu wanane, swali moja: huyu utangulizi, yule faida, mwingine changamoto, wa mwisho hitimisho. Vipande vinarushwa WhatsApp na kuunganishwa usiku wa kuamkia semina. Aliyeandika hitimisho hajasoma kinachohitimishwa. Wawili hawakuandika chochote, wamechangia namba ya usajili tu. Basi utangulizi unaahidi hoja tatu, katikati zinatokea tano, na mhadhiri akiuliza, kundi zima linamgeukia mtu mmoja.

Kugawana si kosa, kosa ni kugawana mapema. Kila mmoja aandike kwanza nusu ukurasa wa jibu lake kwa swali zima, kisha mkutane na kubishana mpaka jibu la kundi liingie kwenye sentensi moja. Hapo ndipo mgawane. Siku mbili kabla ya kuwasilisha, kila mtu aeleze sehemu ya jirani yake kwa dakika mbili, bila karatasi. Anapokwama, mara nyingi hata mwenye sehemu hajaelewa.

Halafu kuna lugha. Kwa wengi wetu Tanzania, shule ya msingi ilikuwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kikaja na Kiingereza. Anayeonekana hajiamini huenda anatafsiri kichwani huku anaongea. Jadilini kwa Kiswahili hadi hoja ieleweke, ndipo mfanye mazoezi kwa Kiingereza, kwa sauti, mkiwa mmesimama. Kukariri hotuba nzima ni mtego: neno moja likipotea, yote yaliyobaki yanalifuata. Kariri sentensi mbili za kufungulia na moja ya kufungia. Katikati, maneno matano kwenye kadi ngumu yanatosha. Karatasi ya A4 hutetemeka pamoja na mkono, na darasa zima linaona.

Kwa mwendo wa kueleweka, hesabu maneno 100 hivi kwa dakika. Dakika 10 ni maneno 1,000, si kurasa sita. Kila mnapopokezana mnapoteza sekunde 15 au 20, kwa hiyo wasemaji watatu wanatosha, wengine wajiandae kwa maswali. Anayemaliza aache swali ambalo anayefuata ataanza kwa kulijibu. “Sasa namkaribisha mwenzangu” haiunganishi chochote.

Slaidi: mistari sita, maandishi makubwa, nakala ya PDF kwenye flashi, maana kwenye kompyuta ya watu mpangilio huvurugika. Nakala moja ya karatasi pia, umeme hauna rafiki.

Kwenye maswali ndiko alama nyingi hupotea kizembe. Anayejibu alirudie swali kwa maneno yake, ajibu, akae. Halafu inakuja ile “naomba kuongezea hapo,” na nyingine, na nyingine. Kufikia nyongeza ya tatu, jibu la kwanza, lililokuwa sahihi, limeshapingwa na kundi lenyewe.