Nyama ya nguruwe, vitunguu na mboga za majani ndani ya kikaango kimoja

Siku za kazi nataka chakula cha jioni kinachopikika upesi na kisichoniachia lundo la vyombo. Nyama ya nguruwe ya kukaanga na vitunguu na mboga za majani ndiyo iliyonikaa mkononi. Moto ukishawaka, dakika ishirini zinatosha. Kilichonisaidia ni kujua maji yakae wapi: nyama haiyataki kabisa, vitunguu vinayataka kidogo, mboga zinakuja nayo zenyewe.

Nachukua nyama ya mgongo, au ya bega nikitaka yenye mafuta zaidi. Nikifika tu nyumbani naitia kwenye friza, naenda kuoga. Nikirudi imekaza bila kuganda, na kisu kinatoa vipande vyembamba visivyotelezateleza. Nakata kwa kukatisha nyuzi, maana nyuzi fupi hazimchoshi mtu kutafuna.

Kisha nafuta kila kipande kwa karatasi ya jikoni hadi kikauke. Hatua hii wengi huiruka, nami ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na yakiwapo juu ya nyama, nyama haivuki hapo. Ile rangi ya kahawia yenye harufu ya kuita watu mezani huanza kuja vizuri karibu na nyuzi 140. Nyama iliyolowa, hata uiwekee moto wa namna gani, itachemka kwanza na kubaki ya kijivu. Ndiyo maana pia sijazi kikaango: vipande vikibanana, mvuke unakosa pa kutokea.

Nasubiri mafuta yapate moto hasa, napanga vipande kimoja kimoja, natia chumvi, halafu sivigusi. Hapa nasikiliza zaidi kuliko kutazama. Mlio mkali wa kukaanga ni dalili njema. Ukigeuka kuwa wa kutokota, maji yamezidi, natoa vipande viwili vitatu. Kipande kikishika rangi chenyewe kinabanduka chini. Kikikataa, bado. Nageuza, nasubiri kidogo, natoa vyote kwenye sahani safi, wala si ile iliyobeba nyama mbichi.

Nyama hii huogopwa, na kwa woga huo hukaushwa mpaka ikawa kama gome. Wizara ya Kilimo ya Marekani tangu 2011 inaelekeza kwamba kipande kizima kifike nyuzi joto 63 katikati, kisha kitulie dakika 3 kabla ya kuliwa. Ya kusaga ifike 71. Nikipika steki nene natumia kipimajoto. Vipande vyembamba havipimiki kwa urahisi, kwa hiyo navikamilisha mwishoni pamoja na mboga hadi viive kabisa, na kwa kuwa muda wenyewe ni mfupi, havikauki.

Kwenye kikaango kilekile, bila kukiosha, naingiza vitunguu vilivyokatwa vinene kiasi. Napunguza moto. Vikianza kulegea namwaga vijiko viwili vya maji na kukwangua chini kwa mwiko wa mbao. Yale mabaki ya kahawia yaliyoganda yanayeyuka na kuvipaka vitunguu rangi. Ladha kubwa ya chakula hiki imo humo, na anayekiosha kikaango katikati ya mapishi anaimwaga kwenye sinki. Kitunguu saumu nakitia sasa, si mapema, kwa sababu kinaungua upesi na kuwa kichungu.

Mboga natenganisha mashina na majani. Mashina yanatangulia dakika mbili tatu, majani yanafuata. Nikitumia spinachi najaza hadi ifurike, kwani zaidi ya asilimia 90 yake ni maji na itanywea muda si mrefu. Sifuniki wala siongezi maji. Majani magumu ndiyo nayakata membamba na kuyafunika kidogo.

Nyama inarudi pamoja na mchuzi wake uliochuruzika kwenye sahani, nageuza geuza mpaka kila kitu kiwe cha moto, pilipili manga juu, nazima. Ndimu naikamulia mezani, kwa sababu tindikali ikikaa na majani motoni huyapotezea kijani chake. Tukiwa wengi nakaanga nyama kwa mafungu, hata kama njaa inauma; mboga zinaweza kuingia zote kwa pamoja.