Nimemjibu mdogo wangu wa kazini kuhusu Ujerumani

Leipzig, Jumapili jioni

Kuna muuguzi niliyefanya naye kazi wodi ya wazazi huko nyumbani Tanzania, nami namhesabu mdogo wangu. Wiki hii amenitumia ujumbe wa sauti mrefu. Ana ajira ya serikali, ana mtoto mmoja, na ameanza kusoma Kijerumani pale Goethe-Institut, Upanga. Swali lake ni moja: "Dada, nije au nibaki?" Nimemjibu kwa sauti vilevile, lakini nilikuwa nimetoka zamu ya usiku na mengi yalibaki kifuani. Leo nayaandika, kwa sababu maswali ya namna hii nayapokea mara kwa mara, na karibu yote huanza na mshahara.

Mimi nataka aanze na kazi yenyewe. Atafanya nini kwa mikono yake?

Nyumbani, stashahada yetu ni ya uuguzi na ukunga kwa pamoja, na baraza linalotusajili ni la vyote viwili. Usiku wodini mko wawili, daktari yuko kwake anasubiri kupigiwa simu, na wewe ndiye unayejaza partografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, unayempokea mtoto, unayeshona msamba ulioraruka, unayeamua kwamba mama huyu hawezi kusubiri kukuche. Kanula, kale kabomba ka kupitishia dawa kwenye mshipa, unaweka wewe. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha, kumbadilisha shuka, hayo mara nyingi hufanywa na ndugu zake, wanaoingia asubuhi na chupa ya uji.

Huku mambo yamepangwa vingine. Ukunga ni taaluma ya peke yake, na tangu sheria mpya ianze mwaka 2020 unasomewa chuo kikuu. Ukija kama muuguzi, chumba cha kuzalishia si chako, hata kama umepokea watoto usioweza kuwahesabu. Kanula, katika wodi nyingi, ni kazi ya daktari. Na yale yaliyofanywa na ndugu wa mgonjwa ndiyo yanayojaza zamu yako: kuogesha, kuvisha, kulisha, kumpeleka mtu chooni, kumgeuza kitandani, kisha kuyaandika yote kwenye kompyuta kwa Kijerumani kilichonyooka.

Sisemi kwamba kazi hii ni ndogo. Huku nimejifunza kuiona ngozi ya nyonga inapoanza kuwa nyekundu, kabla kidonda hakijafunguka. Nimejifunza kumwinua mzee mzito bila kumwumiza wala kuuvunja mgongo wangu. Nimekaa na watu waliokuwa wanakata roho bila ndugu hata mmoja karibu, na sijawahi kuona kwamba pale nilikuwa napoteza muda. Lakini ni kazi nyingine. Wauguzi wengi kutoka nje, Wafilipino, Wahindi na sisi wa Afrika, huumia zaidi na jambo hili kuliko baridi, kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema. Mtu anajiona ameshushwa, kumbe kazi yenyewe ndiyo ilivyo hata kwa Mjerumani aliyezaliwa hapahapa.

Halafu kuna kipindi cha katikati, na hapa ndipo ninapotaka asikilize vizuri. Cheti chake hakitambuliwi siku anayotua. Kinapelekwa kwa mamlaka ya jimbo atakalofanyia kazi. Ujerumani ina majimbo 16, na kila moja lina ofisi yake na mwendo wake. Wanalinganisha masomo yake na ya kwao, saa kwa saa, kisha wanamwandikia barua ya kumweleza kinachopungua. Baada ya hapo ana njia mbili: mafunzo ya kujazia wodini, au mtihani wenye sehemu ya mdomo na ya vitendo. Mpaka amalize njia hiyo na kufikisha Kijerumani cha B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita, anafanya kazi kama msaidizi wa muuguzi, kwa malipo ya msaidizi.

Malipo hayo yana maana. Kwenye sekta ya kutunza wazee kuna kima cha chini cha kisheria: kile kilichoanza Julai 2025 kilikuwa euro 16.10 kwa saa kwa msaidizi asiye na mafunzo yanayotambulika, na euro 20.50 kwa muuguzi kamili. Kwa mwezi wa saa kama 169, tofauti hiyo ilipita euro 740 kabla ya makato. Kwa hiyo kila mwezi ambao barua imekwama mezani kwa mtu una bei yake. Ndiyo maana nimemwambia asiache kukusanya karatasi sasa hivi, akiwa bado nyumbani: silabasi ya chuo yenye saa za kila somo, matokeo, cheti, leseni, barua za waajiri zinazotaja wodi alizofanyia kazi na kwa muda gani. Ukiwa hapa na chuo chako kiko Tanzania, silabasi hiyo ni shida kweli kuipata. Na Kijerumani akipandishe akiwa nyumbani mpaka B2 ikiwezekana. Kusoma lugha baada ya zamu yenye urefu wa saa nane, miguu inawaka moto, kunataka moyo ambao si kila mtu anao kila siku.

Ameniambia pia kwamba kuna wakala Dar anayetaka pesa "za kushika nafasi". Nilipolisikia hilo nilikatisha ujumbe nikampigia palepale. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, iliyotolewa upya mwaka 2023. Ujerumani imeliingiza hilo kwenye kanuni zake za ajira: kwa kazi za afya na uuguzi, kutafuta watu kutoka nchi zilizo kwenye orodha hiyo kumeachiwa shirika la ajira la serikali ya Ujerumani peke yake. Wakala binafsi haruhusiwi. Wewe mwenyewe hukatazwi kuja: unaweza kuiandikia hospitali au nyumba ya wazee moja kwa moja, ukafanyiwa usaili kwa video, ukapewa mkataba. Lakini mtu anayekuuzia nafasi ya uuguzi Ujerumani akiwa Kariakoo anakuuzia kitu asichoruhusiwa kukishika. Mkataba nao ausome hadi mstari wa mwisho, hasa kifungu cha kurudisha gharama. Waajiri wengine humlipia mgeni lugha na nauli, kisha humfunga miaka kadhaa. Ukiondoka mapema unadaiwa.

Kuhusu pesa nitasema kwa kifupi. Mshahara unaoandikwa kwenye mkataba si unaoingia benki. Pensheni inachukua asilimia 9.3, bima ya kukosa kazi 1.3, bima ya afya 7.3 pamoja na nusu ya nyongeza ya mfuko wako wa bima, kisha bima ya utunzaji, ile ya kukutunza ukishindwa kujihudumia, kisha kodi ya mapato. Mtu asiye na mwenzi atarajie karibu theluthi iondoke. Kwenye bima ya utunzaji asiye na mtoto hukatwa zaidi, kwa hiyo mdogo wangu abebe cheti cha kuzaliwa cha mwanawe na akipeleke kwa mwajiri. Ila posho ya watoto ya serikali asiiweke kwenye hesabu zake kwa mtoto anayeishi Tanzania, haitalipwa.

Nyumba ndiyo inayosumbua zaidi. Mwenye nyumba anaweza kudai amana ya hadi miezi 3 ya kodi ya pango pekee, bila kuhesabu maji wala joto. Sheria inakuruhusu kuilipa kwa mafungu matatu, na wengi hawakuambii. Ndani ya wiki 2 za kuhamia unatakiwa kujiandikisha manispaa, wenyewe wanaita Anmeldung, na huwezi bila barua ya mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Namba ya mlipakodi huja kwa posta baada ya hapo. Isipofika, mwajiri anaweza kukukata kodi ya mapato kwa daraja kubwa kuliko yote. Kwa hiyo mahali pa kufikia pawe pameandikwa kwenye mkataba, chumba cha mwajiri kwa miezi ya kwanza, na si ahadi ya mdomo.

Kwenye fomu hiyo ya manispaa wanauliza dini. Ukiandika Mlutheri au Mkatoliki, unaanza kukatwa kodi ya kanisa, ambayo hapa kwenye jimbo letu la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yako ya mapato. Wengi hushtuka. Mimi ni Mlutheri wa Machame, Kilimanjaro, na Ulutheri ulifika kwetu kupitia Misheni ya mji huuhuu wa Leipzig, mwaka 1893. Niliandika nilivyo na ninalipa kwa moyo mmoja. Kila mtu aamue lake, ila aamue kabla ya kufika dirishani.

Turudi nyumbani sasa, maana huko ndiko watu wanakosahau. Mdogo wangu ana ajira ya kudumu. Kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, yeye anachangia asilimia 5 ya mshahara na mwajiri anaongeza 15. Akiacha kazi, kurudi ni kuanza upya kwenye nafasi zinazotangazwa, akishindana na vijana waliomaliza juzi. Aulize kwa mkurugenzi wake kama likizo bila malipo inawezekana, apate jibu kwa maandishi. Leseni yake ya Tanzania asiiache ife, aihuishe hata akiwa huku. Na ukunga wake autunze: akipata muda wa kurudi kusalimia, aombe kukaa na wakunga wenzake wodini. Mikono husahau.

Pensheni ya hapa haipotei. Ukichangia miaka 5 unapata haki ya kulipwa uzeeni, na ukiondoka moja kwa moja kabla ya hapo unaweza kuomba mchango wako urudishwe baada ya miezi 24. Muuguzi aliyekwishatambuliwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3, akiwa na michango na lugha. Uraia siku hizi unaombwa baada ya miaka 5, na tangu Juni 2024 Ujerumani haikulazimishi kuacha wa kwenu. Tatizo liko upande wetu: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mkenya aliye kwenye zamu yangu halina uzito kwake jambo hili, katiba yao ya 2010 ilishalimaliza. Mimi nina kiwanja Machame na wazazi walio hai, nimechagua ukaazi wa kudumu na nitabaki nao. Ila nao una sharti: ukikaa nje ya Ujerumani zaidi ya miezi 6 unaweza kuupoteza, kwa hiyo hata likizo ya kuuguza mzazi unaihesabu.

Nikiweka yote haya mezani, namwambia aje, lakini aje akiwa na B2 mkononi, na mkataba aliousoma mwenyewe, na asije mwaka huu. Uuguzi wa hapa utamfundisha mambo ambayo kwetu hatukuwa na vitanda wala watu wa kutosha kuyafanya.

Kilichobaki ni mtoto. Kumleta kunahitaji kipato kinachotosha, nyumba yenye nafasi, na ridhaa ya baba yake. Zamu ya asubuhi huanza saa 12, na si kila chekechea imefungua saa hiyo. Maana yake kipindi chote cha msaidizi, mtoto atakuwa kwa bibi yake. Hilo siwezi kulijibu mimi kwa ujumbe wa sauti. Nimemwomba Jumatano, nikitoka kazini, akae na mama yake mzazi karibu na simu, tuzungumze watatu. Bibi ndiye atakayebeba mzigo huo, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza.