Uso wa Pili

Mwaka 2015 nilikuwa na umri wa miaka 23, nimemaliza masomo Unguja na kurudi kwetu Wete bila ya kazi ya kueleweka, kwa hivyo jioni zangu nyingi zilimalizikia barzani, nyuma ya migongo ya wazee, mahali ambapo kijana huachiwa asikilize ilimradi yeye ndiye anayekwenda kuleta kahawa. Barza yetu ilikuwa ya watu wa CUF, chama cha upinzani, kama zilivyokuwa barza nyingi za Pemba wakati ule, na maskani ya CCM, chama tawala, ilikuwa hatua chache tu ng'ambo ya njia, karibu kiasi kwamba redio ya upande mmoja ilisikika upande wa pili na kila upande ukajifanya hausikii.

Habari ya kwanza ya mgombea mwenza ilitufika katika kumi la mwisho la Ramadhani. Tarehe 12 Julai John Magufuli alipitishwa na CCM kule Dodoma, akamtaja Samia Suluhu Hassan, mzaliwa wa Kizimkazi na mbunge wa Makunduchi, kuwa ndiye atakayegombea naye. Maskani ya ng'ambo walishangilia mpaka wakati wa tarawehe. Kwetu sisi mtu wa kwanza kusema alikuwa mzee mmoja mshona kofia, ambaye hakuwa na desturi ya kuinua macho kwenye kiua anachokishona hata akizungumza jambo zito. Alisema kwamba huyu mama anamkumbuka vizuri: mwaka uliopita alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, na pale wajumbe wetu walipotoka ukumbini pamoja na wenzao wa Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, yeye alibaki kwenye kiti. Kwa barza ile maneno hayo yalitosha, ukurasa ukafungwa.

Nyumbani haukufungwa. Nilipomweleza Bibi, mzaa baba, aliniuliza jina mara mbili, kisha akauliza mwanamke huyo atakaa wapi wakishinda. Nikamwambia atakuwa Makamu wa Rais, atakaa ubavuni mwa rais. "Basi si haba," akasema, na akaendelea kuchambua mchele wake. Bibi alikuwa CUF wa damu, na ile "si haba" ilinikaa moyoni kama mwiba mdogo wa samaki, kwa sababu nilitambua kwamba wanawake wa mtaa wetu walikuwa wakiisema habari ile kwa sauti ambayo barzani haikusikika kabisa.

Siku chache baadaye yule mzee wa kofia alitusomesha historia ya kiti chenyewe, na nakiri kwamba chuo kizima hakikuwahi kunieleza jambo hilo kwa uwazi kama ule. Zamani, alisema, Rais wa Zanzibar alikuwa akiingia katika umakamu wa Muungano kwa cheo chake. Hakuombewa kura Bara wala hakuchaguliwa na mtu wa Bara. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 1994 ndiyo yaliyoleta mgombea mwenza, yaliyoanza kufanya kazi katika uchaguzi wa 1995, kwa sharti kwamba rais akitoka upande mmoja wa Muungano basi makamu atoke upande wa pili, na wote wawili wapendekezwe na chama kimoja na kupigiwa kura pamoja. Tokea hapo, akasema, Mzanzibari anayekaa pale huwa amechaguliwa na mwenye chama. Halafu akatukumbusha kwamba Benjamin Mkapa alimchukua Dk. Omar Ali Juma, mtoto wa Pemba, mwaka 1995 na tena 2000, na kwamba Dk. Omar alipofariki Julai 2001 nafasi yake ilikwenda kwa Dk. Ali Mohamed Shein, Mpemba mwengine, ambaye Jakaya Kikwete naye aligombea naye mwaka 2005. "Watoto wetu waliwachukua," alisema, akikata uzi kwa meno, "kura zetu hazikuwafuata." Na hilo ni kweli. Wachambuzi wa redioni waliokuwa wakisema kwamba mgombea mwenza huvuta kura za kwao, naona hawakuwahi kuzihesabu kura za Pemba katika chaguzi hizo tatu.

Kisha ikaja wiki ambayo hata mshona kofia aliinua macho. Tarehe 28 Julai Edward Lowassa alihamia Chadema, chama chengine cha Ukawa, kutoka CCM, na Jumanne ya tarehe 4 Agosti, katika mkutano mkuu wa Chadema pale Mlimani City, Dar es Salaam, akathibitishwa kuwa mgombea urais wa Ukawa, na mgombea mwenza wake akawa Juma Duni Haji. Lowassa kwetu alikuwa mtu wa mbali, Waziri Mkuu aliyejiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, na wapo barzani waliotaka kujua vipi mtu aliyesemwa na wapinzani miaka yote ile leo awe wa kushangiliwa. Lakini mabishano ya usiku ule hayakuwa ya Lowassa hata kidogo. Yalikuwa ya Babu Duni.

Kwa sababu sheria haikujua mambo ya muungano wa vyama, na Katiba ilitaka wagombea wote wawili watoke chama kimoja, Duni alilazimika kuiacha CUF, ambayo yeye alikuwa Makamu Mwenyekiti wake, na kuchukua kadi ya Chadema. Mtu huyu alikuwa miongoni mwa wale watu 18 wa CUF walioshitakiwa kwa uhaini, wakakaa rumande miaka mpaka walipoachiwa Novemba 2000. Miaka 5 tu nyuma, mwaka 2010, uso wake ulikuwa ubavuni mwa Profesa Ibrahim Lipumba kwenye karatasi ile ile ya kura, chini ya bendera yetu. Chadema, kwa upande mwengine, ilikuwa kwetu ni chama cha Bara, chama ambacho Wete ungeweza kutembea mchana kutwa usikutane na mtu mwenye kadi yake.

"Kahama," alisema kijana mmoja dereva, tena kwa uchungu wa kweli.

"Hakuhama, ami," akajibu mwenye nyumba ya barza. "Katumwa. Tumewaazima mtu."

Neno hilo la kuazima lilipokelewa vizuri, likazunguka barza mbili tatu kabla ya sala ya alfajiri, na kesho yake nililisikia sokoni likisemwa na mtu ambaye hakuwapo. Ila dereva hakutulia. Aliuliza kama kitu cha kuazimwa na watu wa mbali hurudi kikiwa kizima, na hakuna aliyemjibu. Tarehe 6 Agosti Lipumba akajiuzulu uenyekiti. Mtu tuliyempigia kura ya urais wa Muungano mara nne hakuwamo tena, na aliyebaki kwenye karatasi ile wa kumtambua alikuwa yule aliyeazimwa.

Hapo ndipo kazi iliponiangukia mimi. Uchaguzi wa Zanzibar una karatasi tano kwa siku moja: Rais wa Muungano na Mbunge, ambazo ni za Tume ya Taifa, na Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani, ambazo ni za Tume ya Zanzibar. Katika nne Bibi alitakiwa atafute chama chake kama alivyozoea. Katika ile ya tano, ya Rais wa Muungano, CUF haikuwamo kabisa. Bibi husoma msahafu bila ya kukosea irabu, lakini herufi za Kirumi kwake ni michoro tu. Miaka yote alikuwa akipiga kura kwa alama ya chama na kwa sura. Sheria inamruhusu mtu asiyejua kusoma aingie na mtu wa kumsaidia. Nilipomtajia hilo alinitazama kama niliyemwambia nitamvua buibui njiani.

"Mume wangu," alisema, kama bibi zetu wanavyotuita, "kura yangu nitaitia mwenyewe. Wewe nifundishe, basi."

Tulifundishana uani, wakati wa karafuu. Yeye alikaa kwenye jamvi akichambua, vidole vikitenganisha karafuu na makonyo bila ya yeye kuviangalia, na mimi nilichora karatasi ya kura kwenye daftari, safu 8 kwa wagombea 8, kila safu na nafasi mbili za picha: kubwa nilitaka iwe ya rais, nyengine ya makamu. Picha nilizikata kwenye magazeti niliyoyaomba kwa mwenye duka. Za vyama vidogo sikuzipata zote, nikajazia nyuso za wachezaji mpira, jambo lililomchekesha sana alipogundua kwamba mmoja wa wagombea urais wa Tanzania alikuwa kipa. Badala ya kalamu alitumia karafuu: aliyemchagua alimwekea karafuu moja mbichi kwenye kisanduku, na mimi nikafuta safu na kuzipanga upya ili asizoee mahali akaacha kuangalia sura.

Gazeti lilikuwa na picha ya Lowassa na Duni wameinua mikono pamoja. Bibi alitaka nimkatie Duni peke yake. "Huyo mwengine muache huko huko." Nikamweleza kwamba haiwezekani, kwamba kwenye karatasi watakuwa wawili, na tena Lowassa ndiye anayegombea urais, Duni ni wa pili. Akakubali, lakini kila alipoifikia safu ile aliweka kidole gumba juu ya uso wa Lowassa, akamtazama Duni kwanza, akahakikisha, ndipo akaweka karafuu. Mara tano akapatia. Mara ya sita karafuu ikaenda kwa Magufuli na Samia.

Nilidhani amekosea. Nilipomwonesha aliniuliza: "Huyu si Mzanzibari?"

"Ndiye, Bibi."

"Na Duni si Mzanzibari?"

"Naye pia."

"Sasa wetu ni yupi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya Ukawa, serikali tatu, Bunge Maalumu, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia nafanana na watu wa redioni. Sikuwa mwalimu asiye na upande, sitaki kujisafisha hapa. Nilikuwa na chama, na nilitaka karafuu ile irudi ninapopataka mimi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yule mama hana neno naye, mwanamke kukaa pale si jambo dogo, lakini Duni alifungwa, na mtu aliyefungwa kwa ajili yako huwezi kumpita njiani kwa kuwa amevaa kanzu ya mtu mwengine. Akaihamisha karafuu mwenyewe. Nilikuwa nimesikia wiki tatu za hoja barzani na hakuna aliyekuwa amelifikia hilo.

Tarehe 25 Oktoba, Jumapili, tulitoka baada ya sala ya alfajiri. Vituo vilifunguliwa saa 1 asubuhi na mstari wa wanawake ulikuwa tayari umezunguka ukuta wa skuli. Nilimwona akiingia, sikumwona muda mrefu, na nikaanza kuhofu kwamba safu zimemchanganya. Alipotoka alikuwa ameshika kidole chenye wino mbali na nguo, kama mtoto aliyemaliza kula bokoboko.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kazeeka." Akatembea kidogo. "Na yule mwengine nilimfunika vilevile."

Siku ya tatu, tarehe 28, matokeo ya Zanzibar yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alitangaza kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Barza siku ile haikuwa na kelele. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Kahawa nilirudi nayo birika zima. Kesho yake, tarehe 29, Tume ya Taifa ikamtangaza Magufuli kuwa mshindi wa urais wa Muungano kwa asilimia 58.46, Lowassa akiwa na asilimia 39.97. Maskani ya ng'ambo walipiga ngoma, lakini nao kwa kusitasita, kwa sababu mgombea wao wa Zanzibar pia hakuwa na matokeo. Samia Suluhu Hassan alikuwa amechaguliwa Makamu wa Rais kwa kura zilizopigwa siku moja na zile zilizofutwa, na katika vituo vile vile.

Bibi nilimkuta uani. Alikuwa amekwisha kusikia, lakini alitaka nimpangie moja moja, kwa hivyo nikachukua karafuu tano kavu nikaziweka mbele yake. Hii ya Duni imehesabiwa, kashindwa. Hii ya mbunge imehesabiwa. Hii ya Rais wa Zanzibar imefutwa, na hii ya mwakilishi, na hii ya diwani. Alizitazama mbili upande huu na tatu upande ule.

"Siku si moja?"

"Moja."

"Foleni si moja?"

"Moja, Bibi."

Akanyoosha mkono wa kushoto na kunionesha kidole. Wino ulikuwa bado mweusi kwenye ukucha, umefifia kidogo kwenye ngozi.

"Na hiki?"

Nilikuwa bado nimekishika kile kidole pale upepo ulipogeuka na kivuli kikapita juu ya jamvi. Bibi aliuvuta mkono wake, akazikusanya zile karafuu tano, akazitupa pamoja na nyengine.

"Inuka uanue karafuu," akasema. "Mvua hiyo."