Upton, mahali wanapohesabu protoni

Asubuhi moja ya Novemba 2024 nilipanda treni ya Ronkonkoma pale Penn Station, New York. Kwa zaidi ya saa nzima sikuona kitu ila migongo ya nyumba na maegesho ya magari. Kituo cha mwisho nikachukua teksi hadi Upton. Getini wakakagua kitambulisho, tukaingia msituni: Maabara ya Brookhaven imekaa palipokuwa kambi ya jeshi, na ule ukimya wa kambi iliyohamwa bado upo.

Nilikuja kuiona RHIC, mashine yenye pete ya kilomita 3.8 iliyokuwa ikigonganisha viini vya atomi za dhahabu tangu 2000, ili kuona maada inavyopita kutoka hali moja hadi nyingine. Pete yenyewe huioni, ni tuta la udongo lililoota nyasi. Bahati yangu mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo tukaingia ukumbi wa STAR, kigunduzi cha chembe zinazotoka kwenye migongano.

Hapo miguu ilikataa kuondoka. Kigunduzi kina tani 1,200, kimesimama kama nyumba ya ghorofa, nyaya zimekishuka ubavuni mafungu kwa mafungu. Tumboni mna pipa la gesi, argoni na methani, lenye upana wa mita 4. Chembe ikipita humo huacha msururu wa elektroni. Sumaku huipinda njia yake, na kwa mpindo ule, pamoja na wingi wa elektroni ilizoziacha, inajulikana ni chembe ya namna gani.

“Sasa huo mpito wa maada mnauonaje?” nikamuuliza mwenyeji wetu.

“Hatuuoni,” akacheka. “Tunahesabu protoni.”

Nishati ya mgongano ikiwa kubwa, protoni na nyutroni huyeyuka kuwa supu ya kwaki na gluoni, chembe zinazoziunda, taratibu kama nta, kwenye joto linalokaribia nyuzi trilioni 2. Nishati ikishushwa, nadharia nyingi zinatazamia badiliko la ghafla, kama maji yanavyochemka. Panapokutana tabia hizo mbili ndipo penye nukta inayosakwa. Jirani nayo, hesabu ya protoni ukitoa antiprotoni, yaani protoni za kinyume, inatakiwa iyumbe kupita kawaida kati ya mgongano mmoja na mwingine. Ndiyo maana, kuanzia 2010 hadi 2021, walishusha nishati ngazi kwa ngazi.

“Mmeipata?” akadakia mgeni mwenzangu.

Mwenyeji akachora nyuma ya bahasha mstari wa kuyumba huko, akaubonyeza kidogo karibu na nishati ya elektroni-volti bilioni 20. “Hapa pana kibonde. Nukta, bado.”

Bahasha akaikunja, akaitia mfukoni. Nilitamani kumwomba, nikaona haya.