Siku Moja Maishani Mwangu: Kutafiti Fueli ya Boroni

Saa 1 asubuhi nilisoma kumbukumbu za usiku za mitambo, nikakuta kila kitu shwari. Mimi ni mhandisi wa nyuklia, na wengi wakiisikia kazi hii hudhani natengeneza mabomu; ukweli ni kwamba napima jinsi protoni inavyoungana na boroni-11 na kuzaa chembe tatu za alfa, yaani viini vya heliamu. Miradi mingi ya muunganiko wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vyepesi ili kupata nishati, hutegemea deuteriamu na tritiamu, ambazo ni aina nzito za hidrojeni, kwa kuwa hizo huungana kwa wepesi zaidi, lakini takriban asilimia 80 ya nishati yake huchukuliwa na nyutroni, ambazo huchakaza kuta za mtambo na kuzifanya zitoe mnururisho. Boroni huzalisha nyutroni chache mno, ila hudai joto la zaidi ya nyuzi bilioni moja.

Saa 3 tulifunga shabaha ya boroni, yaani kipande kitakachopigwa na protoni, ndani ya chemba, tukawasha pampu za kuvuta hewa.

Kufikia saa 5, kanieneo iligoma kushuka, maana yake hewa ilikuwa inapenya mahali fulani. Kutafuta tundu kama hilo ndiko kunakokula siku zetu. Unapulizia heliamu kidogo kwenye kiungio kimoja, ukianzia juu kwa sababu gesi hiyo hupanda, kisha unasubiri kifaa kikuambie kama imeingia ndani. Ukikimbilia kiungio kinachofuata kabla ya heliamu ya kwanza kutawanyika, hutajua ni kipi kinachovuja. Nilisimama hivyo, shingo imekakamaa, hadi mchana ukapita bila chakula. Hatimaye namba zilipanda kwenye flanji ya nyuma, yaani kiungio cha bolti: pete ya shaba ilikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Pete hizo hazitumiki mara mbili, kwa hiyo tulifungua, tukaweka mpya, tukakaza bolti kwa zamu, upande huu na ule, tukaanza upya kuvuta hewa.

Wakati tukisubiri, mwanafunzi aliniuliza kwa nini tunapima jambo lililojulikana tangu miaka ya 1930. Nilimjibu kwamba chembe tatu za alfa hazigawani nishati kwa usawa, na bila kujua mgawanyo huo vizuri, huwezi kukadiria ni joto kiasi gani litabaki kuichochea plazima, ile gesi yenye joto kali ambamo muunganiko hutokea. Mwaka 2023 watafiti wa Japani na Marekani walitangaza kwamba wameupima muunganiko huu ndani ya plazima iliyozuiwa kwa sumaku, na tangu hapo kadirio hilo limekuwa na uzito zaidi kwangu.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipofungulia mwale wa protoni. Vigunduzi vikaanza kuhesabu alfa, nami nikabaki kwenye kiti hadi data ya kutosha ilipopatikana, nimechoka hoi na nimeridhika kabisa.